Emoji moja tu, gharama ya SMS inapanda mara mbili: Kwa nini?

Tuseme mfanyabiashara wa viatu Mchikichini, Ilala, amefungua belo jipya. Anawatumia wateja wake 500 meseji hii kwa mpigo:

"Mzigo mpya umeingia leo Mchikichini. Viatu vya ngozi ya ng'ombe, saizi 38 hadi 44. Karibuni mapema, bei ya jumla ipo."

Hapo kuna herufi, alama na nafasi 117. SMS moja inabeba 160, kwa hiyo atalipia SMS 500. Akiongeza emoji moja ya kiatu mwishoni, atalipia SMS 1,000. Maneno ni yaleyale, bei imepanda mara mbili.

Simu haijui herufi

Simu na kompyuta zinajua namba tu, tena za 0 na 1. Kila 0 au 1 inaitwa biti, na biti 8 zinafanya baiti moja. Ili maandishi yapite, kila herufi hupewa namba yake kwenye jedwali. Herufi "a" ni 97, "M" kubwa ni 77.

SMS moja ina nafasi ya baiti 140, sawa na biti 1,120. Jedwali la kawaida la SMS linatumia biti 7 kwa kila herufi. Gawanya 1,120 kwa 7, unapata 160.

Emoji inaharibu vipi hesabu?

Biti 7 zinatoa namba 128 pekee. Zinatosha A hadi Z, tarakimu na alama za kawaida, lakini emoji haimo.

Ikitokea alama moja tu iliyo nje ya jedwali, meseji nzima inahamia kwenye jedwali kubwa la Unicode, ambalo kwenye SMS linatumia baiti 2 kwa kila herufi. Neno "Mchikichini" peke yake linakula baiti 22. SMS moja sasa inabeba herufi 70 tu, na emoji yenyewe mara nyingi inachukua nafasi mbili kati ya hizo.

Meseji ikizidi 70 inakatwa vipande vya herufi 67, kwa sababu baiti 6 za kila kipande zinatumika kuiambia simu ya mteja jinsi ya kuviunganisha. Mteja anaona meseji moja, lakini mtumaji amelipia mbili.

Mtego wa ng'ombe

Kiswahili kina bahati: hakina herufi zenye vialama juu, hivyo A hadi Z zinakitosha. Kingeendelea kuandikwa kwa herufi za Kiarabu kama zamani, kila SMS ingeishia herufi 70.

Tatizo ni ritifaa, kile kikoma cha juu kwenye ng'ombe na ng'ambo. Iliyonyooka (') imo kwenye jedwali dogo. Iliyopinda (’) haimo. Programu kama Word hupenda kuipinda yenyewe, na ukikopi maandishi hayo kwenye SMS, gharama inapanda bila hata emoji. Baadhi ya mifumo ya kutuma SMS huinyoosha yenyewe, mingine huiacha hivyohivyo.

Cha kufanya

- Andika meseji moja kwa moja kwenye ukurasa wa kutumia SMS, au nyoosha ritifaa zote kabla ya kutuma.
- Angalia kihesabio cha herufi. Kikishuka ghafla kutoka 160 hadi 70, kuna alama ya kigeni imeingia.
- Emoji zipeleke WhatsApp. Huko herufi ya kawaida ni baiti 1, emoji nyingi ni baiti 4, na hakuna anayelipia kwa kuhesabu herufi.
- Jitumie mwenyewe kwanza, uone salio limekatwa SMS ngapi, ndipo utume kwa wateja wote.