Je, Wajua? Mlima ni Dawa ya Moyo

Je, wajua kwamba katika utafiti wa nchi 168 uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, Uganda ilishika nafasi ya kwanza kwa watu wanaoushughulisha mwili? Ni asilimia 5.5 tu ya Waganda waliokuwa hawafikishi kiwango kinachotakiwa; Kuwait walikuwa asilimia 67. Ushindi huo haukutoka kwenye kumbi za mazoezi. Ulitoka kwenye jembe, ndoo ya maji na miguu.

Kampala, hata hivyo, bodaboda inakusubiri mlangoni, na hilo linanitia wasiwasi. Mji huu umejaa vilima: Kololo, Namirembe, Rubaga, Kibuli. Ukipanda kwa haraka utahema na miguu itauma. Usikate tamaa. Ukirudia kwa wiki kadhaa, moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na misuli huitumia vizuri zaidi hewa ya oksijeni. Uchovu unachelewa kuja. Wenye pumzi ya namna hiyo, tafiti nyingi zinaonyesha, huishi miaka mingi zaidi.

Dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki zinatosha. Kesho mwambie wa boda akushushe chini ya mlima. Kifua kikiuma, simama, umwone daktari.