Namba za wateja mpakani zisafishwe kabla ya kuhamishwa

MFANYABIASHARA wa Tunduma anayebadili simu, au anayeingiza majina ya wateja wake kwenye kompyuta, anaweza kupoteza wateja au kutuma fedha kwa mtu asiyemfahamu iwapo namba hizo hazikusafishwa kwanza.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi mpakani kutokana na namna namba zinavyoandikwa. Namba ya nchi ya Tanzania ni 255, Zambia 260, Malawi 265 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo 243. Katika nchi zote nne, namba ya simu ya mkononi ina tarakimu tisa, na mtu akiwa nchini mwake hutanguliza sifuri.

Matokeo yake, namba inayoanza na 075 ni ya Vodacom upande wa Tunduma, lakini upande wa Nakonde ni ya Zamtel. Inayoanza na 099 ni ya Airtel nchini Malawi na pia nchini Congo. Tarakimu kumi zile zile zinaweza kuwa za watu wawili tofauti, na malipo ya mteja wa Nakonde yakaenda kwa mgeni wa Mwanza.

Aina za faili

Majina huhamishwa kwa faili za aina mbili. Ya kwanza ni vCard, yenye mkia wa .vcf, ambayo simu janja nyingi huielewa. Mtindo huo ulianza mwaka 1995, na matoleo yanayotumika zaidi ni 2.1, 3.0 la mwaka 1998 na 4.0 la mwaka 2011. Ya pili ni CSV, orodha ya safu zinazotenganishwa kwa mkato, ambayo hufunguka kwenye Excel.

Hasara nyingi hutokea kwenye CSV. Excel huichukulia namba ya simu kama hesabu, hivyo hufuta sifuri ya mwanzo na alama ya kujumlisha. Namba ndefu huonekana kama 2.55754E+11, na faili ikihifadhiwa hivyo, tarakimu za mwisho hupotea moja kwa moja. Dawa yake ni kutoifungua faili kwa kuibofya, bali kuiingiza kupitia sehemu ya kupokea data na kuipa safu ya namba sura ya maandishi.

Kwa vCard, tatizo la kawaida ni herufi. Mteja wa Lubumbashi aitwaye André anaweza kutokea kama AndrÃ© iwapo faili haikusomwa kwa mfumo wa UTF-8.

Hatua za kusafisha

Kwanza, nakala ya faili ya awali iwekwe pembeni bila kuguswa. Pili, kila namba iandikwe kwa alama ya kujumlisha na namba ya nchi, na sifuri ya mwanzo iondolewe. Namba ambayo nchi yake haijulikani isikisiwe, mwenyewe aulizwe.

Tatu, majina yaliyojirudia yatafutwe kwa namba, si kwa jina, maana mteja mmoja anaweza kuwa ameandikwa "Mzee Mchele" na pia "Dalali Mbozi". Yaunganishwe tu pale namba ya nchi nayo inapolingana.

Nne, idadi ihakikiwe. Katika faili ya .vcf kila jina huanza na BEGIN:VCARD. Maneno hayo yakihesabiwa kabla na baada ya kazi, upungufu utaonekana.

Maneno kama "Voda" au "Airtel" yaliyoandikwa kando ya jina nayo yasiaminiwe sana. Tangu Machi 2017 mteja nchini Tanzania anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba yake. Kabla ya kuthibitisha malipo, jina linalotokea kwenye simu lisomwe.

Kwa wanaompa fundi au kijana wa steshenari kazi hiyo, ikumbukwe kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu pia orodha za wateja. Faili ifutwe kwenye kompyuta yake kazi inapokwisha, na laini ya zamani isitupwe mpaka simu mpya imejaribiwa kwa wateja wa kila nchi.