Je, Wajua? Nchi Nzima Ndani ya Neno Moja

Sogea kidogo, benchi linatosha. Pantoni bado iko upande wa Kigamboni, na mimi nina mambo ya kukushangaza.

Je, wajua kuwa ipo nchi ya Kiswahili isiyogusa ardhi hata kwa unyayo? Inaitwa Kusadikika, inaelea angani, na Shaaban Robert aliileta duniani mwaka 1951. Binadamu wa kwanza alifika anga za juu mwaka 1961. Hesabu mwenyewe: mtoto wa Tanga alikuwa amekwisha kupeleka nchi nzima juu, na mfalme wake na mahakama yake, miaka 10 kabla!

Na mipaka ya nchi hiyo je? Haina mto wala mlima. Upande mmoja imepakana na kaskazi, upande wa pili na kusi, mashariki matlai, magharibi umande. Muulize mvuvi yeyote hapa Feri, atakuambia hizo ni nini: ni pepo zile zile zinazomwamulia atoke au alale. Nchi imezungushiwa ua wa upepo!

Hebu litamke jina lenyewe polepole: Ku-sa-di-ki-ka. Ni kitenzi. Maana yake ni kuweza kuaminiwa. Shaaban Robert alichukua kitenzi, akakipandishia bendera.

Akarudia tena. Kufikirika ni nchi yake ya pili, kitenzi kingine, na mfalme wake ana kila kitu duniani isipokuwa mtoto. Kitabu hicho kiliandikwa mwaka 1946 na kikachapishwa mwaka 1967. Miaka 21 ya kungoja, na mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1962. Humo ndani kuna mwalimu anayeitwa Utubusara Ujingahasara. Jina zima ni somo, na ukimwita mara moja tu umekwisha kufundishwa.

Unajua mtu huyu mwenye mawazo ya namna hiyo alikula mshahara wa wapi? Forodhani! Aliajiriwa idara ya forodha kuanzia 1926 hadi 1944, miaka 18. Na ukitaka kutembea juu ya jina lake, si mbali na hapa ulipokaa: Makumbusho ya Taifa yako kwenye Mtaa wa Shaaban Robert. Kwa miguu unafika.

Turudi Kusadikika kidogo, maana mimi pale siondoki upesi. Kijana Karama anashitakiwa. Kosa lake? Kufundisha watu sheria. Mshitaki wake anaitwa Majivuno, na hapo huhitaji kuelezwa tabia yake. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, juu mbinguni na chini ardhini. Ndiyo, chini! Kwa watu wanaokaa angani, ardhi yetu hii tunayokanyaga ni nchi ya ugenini ya kutumiwa mjumbe. Mimi kila nikifika hapo naangalia chini, kwenye viatu vyangu.

Je, wajua kuwa mwaka 1952 Shaaban Robert alitoa kisa cha gavana anayewachapa manyani wawili viboko kila usiku? Manyani hao ni ndugu zake wa damu, waliogeuzwa. Gavana anaitwa Adili, na ndugu zake ni Hasidi na Mwivu. Kisa cha namna hiyo kimo pia katika Alfu Lela U Lela, ila kule ndugu waligeuzwa mbwa. Kitabu cha Shaaban Robert kina jini wa kike anayeitwa Huria, na kina mji ambao watu wake wamekuwa mawe watupu, akabaki hai msichana mmoja. Jina lake Mwelekevu.

Tuhamie Unguja. Umewahi kumsikia Bwana Msa, yule mpelelezi wa kiko mdomoni? Mtunzi wake ni Muhammed Said Abdulla. Sasa chukua herufi ya kwanza ya kila jina: M, S, A. Msa! Kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda shindano la hadithi la Afrika Mashariki la mwaka 1957/58 na kikatoka 1960. Mwaka 1968 akaja na Kisima cha Giningi, na Giningi, kwa wazee wa Visiwani, ni mji wa wachawi usioonekana kwa macho haya ya kawaida.

Na gazeti la vikaragosi la Sani, lile lililowalea Ndumilakuwili na Kipepe, jina lake limetoka wapi? Sa ni Saidi Bawji. Ni ni Nico ye Mbajo. Waasisi wawili, silabi mbili, basi.

Shika benchi sasa, tunaruka. Mwaka 1995 Mkenya Katama Mkangi, mwenyeji wa Ribe huko pwani, alitoa riwaya iitwayo Walenisi. Dzombo anahukumiwa kifo, lakini hanyongwi wala hapigwi risasi. Anafungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani apotelee huko! Dzombo anajifunza kukiendesha chombo kile humo humo safarini, na anatua kwenye dunia nyingine ambako watu wanaishi kwa haki. Dunia hiyo ndiyo Walenisi. Likate jina vipande: wale, ni, si. Wale ni sisi. Mimi nasema hakuna sayari iliyopewa jina tamu kuliko hilo, na wanaanga wote waje wabishane nami hapa Feri.

Umeona kitu? Karama mahakamani, Dzombo mahakamani. Ngoja nikupe kesi ya tatu. Ali Mazrui wa Mombasa, profesa yule, aliandika riwaya moja tu, kwa Kiingereza, mwaka 1971. Mshitakiwa ni Christopher Okigbo, mshairi wa kweli wa Nigeria aliyekufa vitani Biafra mwaka 1967. Kesi yake inasikilizwa ahera! Anashitakiwa kwa kuliweka kabila lake mbele ya ushairi wake. Na wakili wake huko ahera, unadhani anaitwa nani? Hamisi!

Ahera yenyewe Waswahili wameizoea. Mwaka 1973 Farouk Topan alitoa tamthilia ya Aliyeonja Pepo: mvuvi anachukuliwa roho kwa makosa ya ofisi ya mbinguni. Mwaka 1999 William Mkufya akatoa hapa hapa Dar Ziraili na Zirani, vita vya huko huko ahera, Pepo na Jehanamu uso kwa uso. Mwaka 2001 Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar akageuza njia, akamtoa babu kaburini aje amtembeze mjukuu wake aone nchi ilivyoharibika. Mjukuu huyo jina lake ni herufi moja tu: K.

Sasa punguza sauti, maana hapa pana kina. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Kila kimoja hakifiki kurasa 100, na wasomi hawajamaliza kuvijadili mpaka leo. Nagona ni paa, paa anayewindwa na asiyeshikika. Kitabu cha kurasa chache kuliko daftari la shule, na ndani yake mtu hajui kama yuko ndotoni, kaburini au mwanzo wa dunia! Jina la Mzingile limetokana na njia za kupotea, unaingia hujui kutoka, na mimi nilipokisoma nilirudi ukurasa wa kwanza mara tatu kwa furaha.

Paa huyo ana jamaa yake wa zamani. Je, wajua kuwa mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi alizozikusanya Zanzibar, na humo yumo paa aliyenunuliwa na masikini kwa thumuni moja iliyookotwa jaani? Paa anaongea, anamwozesha bwana wake binti wa sultani, na anamuua nyoka mwenye vichwa saba. Vichwa saba, kwa thumuni! Humo humo yumo Nunda mla watu, ambaye alianza maisha yake akiwa paka wa nyumbani kwa sultani. Paka! Mwangalie vizuri yule anayezunguka meza za samaki pale.

Gulliver je, yule aliyefungwa kamba na watu wenye urefu wa inchi 6? Anasema Kiswahili tangu mwaka 1932. Elisi naye aliingia katika nchi ya ajabu kwa Kiswahili mwaka 1940.

Ngũgĩ wa Thiong'o alibuni nchi ya Aburĩria, ambako mtawala anataka kujenga mnara ufike mbinguni apate kuzungumza na Mungu. Mtawala huyo anaishia kuvimba mwili kama puto. Na tajiri mmoja wa humo anapatwa na ugonjwa wa kutamka neno moja tu, «kama», «kama», «kama». Tajiri huyo anaitwa Tajirika. Umeona tena? Kitenzi!

Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza filamu fupi ya dunia iliyokauka, miaka 35 baada ya vita vya maji, ambako mwanamke Asha anaificha mbegu moja. Jina la filamu: Pumzi.

Pantoni hiyo inakuja, naona watu wameanza kusimama. Mbili za mwisho, upesi. Mwaka 1966 Wamarekani walirusha kwenye televisheni chombo cha anga za juu cha karne ya 23, na afisa mawasiliano wake, mwanamke mweusi, akaitwa Uhura. Jina hilo limetoka kwenye neno letu, uhuru. Jina lake la kwanza halikutamkwa kwenye filamu mpaka mwaka 2009, miaka 43 baadaye. Ni Nyota.

Na mwaka 1983, kwenye filamu ya tatu ya Star Wars, rubani mwenye mashavu ya kuning'inia aitwaye Nien Nunb anazungumza lugha ya viumbe wa mbali kabisa. Sauti ile ni ya Mkenya, Kipsang Rotich. Dunia nzima ilisikia lugha ya sayari isiyojulikana. Rotich alikuwa anasema Kikalenjin na Kikuyu.