Unanunua Labrador? Kagua nyonga kabla ya kulipa

MFANYABIASHARA makini hanunui gunia la mchele bila kulitia bambo. Anataka aone cha ndani, si cha juu. Kwa mtoto wa mbwa wengi wetu husahau kanuni hiyo. Tunaona manyoya yanang'aa na mkia unacheza, tunatoa fedha na kuvuka mpaka. Mwaka mmoja baadaye mbwa anachechemea, na muuzaji yuko nchi nyingine.

Labrador ni mbwa mkubwa asiyechoka. Asili yake ni Newfoundland, Canada, alikosaidia wavuvi. Waingereza wakamwendeleza awe mbwa wa wawindaji, wa kuokota ndege waliopigwa risasi majini na vichakani. Siku hizi hutumika pia kunusa dawa za kulevya na kuongoza wasioona. Jua mapema kwamba ni rafiki wa kila mtu. Ukitaka mbwa mkali wa kulinda ghala, huyu siye.

Tatizo lake kubwa ni viungo. Mfupa wa paja hauketi vizuri ndani ya nyonga, kiungo kinasagika na mbwa anapata maumivu ya kudumu. Viwiko navyo huharibika. Ugonjwa huu hurithiwa, na mtoto wa wiki nane anaweza kuonekana mzima kabisa. Kwa hiyo wakague wazazi wake. Uingereza madaktari hupiga picha ya eksirei na kutoa alama 0 hadi 53 kwa kila nyonga, jumla 106. Hapa alama ndogo ndiyo nzuri. Muuzaji akidai wazazi wametoka Ulaya, mwombe cheti hicho. Akikosa, waone wazazi wakitembea na kuinuka kutoka chini.

La pili ni unene. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba karibu Labrador mmoja kati ya wanne ana kasoro ya kijeni inayohusiana na njaa na uzito. Atakuombea chakula muda wote, na wewe utamhurumia. Usikubali. Utafiti wa Marekani uliofuatilia Labrador 48 maisha yao yote ulionyesha kuwa waliolishwa robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi. Ukimpapasa ubavuni, mbavu zisikike bila kubonyeza sana. Mabaki ya pilau usimpe. Vitunguu ni sumu kwa mbwa.

Tatu, wapo wanaozaliwa na kasoro inayowafanya waishiwe nguvu za miguu ya nyuma baada ya kukimbia sana. Mbwa anayepepesuka mazoezini asimamishwe mara moja, awekwe kivulini. Katika joto letu, mkimbize alfajiri au jioni. Masikio yake yanayoning'inia huhifadhi unyevu, hivyo mkaushe baada ya kuogelea. Akianza kujigonga usiku, apimwe macho, kwani upofu wa kurithi nao upo katika ukoo huu.

Hatari ya ghafla ni tumbo kujaa hewa na kujisokota. Mbwa hutapatapa, anataka kutapika lakini hakuna kinachotoka, na tumbo linakaza kama ngoma. Hilo halisubiri asubuhi. Bila upasuaji anaweza kufa ndani ya saa chache. Gawa chakula chake mara mbili au tatu kwa siku, na usimkimbize akiwa ametoka kula.

Kwa maumivu yoyote, usimpe diklofenaki au vidonge vingine vya binadamu. Vinaweza kumtoboa tumbo na kuua figo. Na kwa kuwa kupe wa kwetu hubeba magonjwa ya damu, mkague kila siku katikati ya vidole na ndani ya masikio.

Sasa mpakani. Kwa kawaida utatakiwa kuwa na kibali cha kuingiza mnyama, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo hiyo hutolewa mtoto akifikisha miezi mitatu hivi, na huhitaji muda ifanye kazi, basi usiichome asubuhi ya safari. Uliza ofisi ya mifugo ya nchi unayoingia kabla ya kulipa, si ukiwa foleni. Kumpitisha njia ya panya huokoa ada ndogo, lakini mbwa mwenye kichaa akimng'ata mtoto wa jirani, dalili zikishaanza hakuna tiba.

Lipa kwa risiti yenye jina na simu ya muuzaji. Andikisheni kwamba daktari wako atamwona mbwa ndani ya siku chache, na akigundua kasoro fedha zirudi. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakataa.