Maktaba ya usimbaji inapogoma kujengwa, tazama kompaila

Na Mwandishi Wetu, Singida

FUNDI wa kompyuta mjini Singida anayeandaa mfumo wa malipo ya wakulima wa alizeti hana budi kutumia maktaba ya usimbaji, inayoficha nywila na taarifa za fedha. Watumiaji wengi wa lugha ya Python hutegemea maktaba iitwayo cryptography.

Hadi mwanzoni mwa 2021, aliyeijenga kutoka msimbo chanzo alihitaji kompaila ya lugha ya C na maktaba ya OpenSSL. Februari mwaka huo toleo la 3.4 lilitoka likidai pia kompaila ya Rust, lugha inayozuia makosa mengi ya kumbukumbu ambayo C huyaachia. Kazi nyingi zilikwama duniani.

Ajabu ni kwamba wengi waliokwama hawakuhitaji kujenga chochote. Faili lililokwisha kujengwa lilikuwapo, ila pip, programu ya kusakinisha, ilikuwa ya zamani mno kulitambua, ikaanza kujenga yenyewe. Basi kwanza huisha pip, ambayo ni megabaiti chache tu. Kompaila ya Rust huzidi megabaiti 100, na kwa mnunuzi wa bando hilo si jambo dogo.

Ikilazimu kujenga, angalia toleo la Rust: lile linalokuja na mfumo endeshi wa zamani mara nyingi halifikii kiwango kinachotakiwa.

Wapo wanaokimbilia toleo lililotangulia 3.4. Kosa hutoweka, lakini fedha za mkulima hubaki chini ya maktaba isiyopokea tena marekebisho ya usalama.