Mwanao anakusanya sarafu? Msaidie kuchagua seti atakayoimaliza

Kuna watoto wanaokusanya stika za wachezaji, wengine visoda, na wapo wanaovutiwa na sarafu. Mzazi mwenye mtoto wa aina hii ana bahati: hobi yenyewe haihitaji fedha nyingi, na ndani yake kuna hesabu, historia na jiografia.

Tatizo huanza mtoto anapotaka kukusanya sarafu za dunia nzima. Baada ya miezi michache kopo limejaa, hakuna mpangilio, na hamu imekwisha. Si kwamba mtoto ni mvivu. Amejipa kazi isiyo na mwisho.

Dawa ni kuchagua seti moja. Kabla ya kuchagua, kaa na mwanao mjiulize maswali matatu. Je, sarafu hizi tunaweza kuzipata? Ziko ngapi kwa jumla? Na zina hadithi gani ya kumsimulia mtu?

Hizi hapa ni seti nne zinazoweza kujibu maswali hayo.

Wanyama waliomo kwenye chenji yako

Anzeni na zilizopo mfukoni. Sarafu ya Sh50 ina kifaru na mtoto wake, Sh100 ina swala wanaokimbia, Sh200 ina simba wawili na Sh500 ina nyati. Upande wa pili kuna viongozi: Mzee Mwinyi kwenye Sh50, Mwalimu Nyerere kwenye Sh100 na Mzee Karume kwenye Sh200 na Sh500.

Seti nzima ni Sh850. Sarafu ya Sh500 ilianza kutumika mwaka 2014 kwa sababu noti yake ilipita mikono mingi na kuchakaa haraka. Mwulize mwanao: kwa nini noti ya Sh10,000 haichakai upesi hivyo? Hapo mmeshaanza somo la uchumi bila kufungua daftari.

Senti za Mwalimu

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, na mwaka huohuo zikatolewa sarafu zetu za kwanza. Senti 5 ilikuwa na samaki, senti 20 mbuni, senti 50 sungura, na shilingi moja ilikuwa na mkono ulioshika mwenge.

Sarafu hizi hazipatikani dukani, zipo kwa babu na bibi. Hapo ndipo utamu wake ulipo. Mtoto akimpelekea bibi yake senti 20 na kumwuliza ilinunua nini, atapata simulizi ambazo hata wewe hukuwahi kuzisikia. Mpe daftari aandike. Baadaye daftari hilo litakuwa na thamani kwenu kuliko sarafu zenyewe.

Majirani wa Kenya

Desemba 2018 Kenya ilizindua sarafu mpya nne: Sh1 ina twiga, Sh5 kifaru, Sh10 simba na Sh20 tembo. Jumla yake ni shilingi 36 za Kenya. Ukiwa na ndugu anayepita Namanga au Holili, mwagize.

Mtoto atagundua jambo moja: hazina sura ya rais yeyote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza kuweka picha ya mtu kwenye fedha. Mwache azilinganishe na zetu aseme anaonaje.

Sarafu zenye tundu

Kwa mtoto mkubwa kidogo, zipo za enzi za Mwingereza, zilizotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919. Zilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuanzia 1936 Zanzibar pia. Senti 5 na senti 10 zilikuwa na tundu katikati.

Zipo za mwaka 1936 zenye jina la Mfalme Edward VIII, aliyetawala Uingereza chini ya mwaka mmoja kisha akajiuzulu. Kwa kuwa tundu halikuacha nafasi ya sura, kilichowekwa ni jina tu.

Aina au mwaka?

Mkishachagua seti, amueni jambo moja zaidi. Mtoto anaweza kukusanya kwa aina, yaani Sh100 moja inatosha. Au akusanye kwa mwaka, yaani atafute Sh100 ya kila mwaka ulioandikwa juu yake. Kwa anayeanza, aina inatosha. Akimaliza na bado ana hamu, ndipo aingie kwenye miaka.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, usimwahidi utajiri. Mitaani kuna maneno mengi kuhusu rupia za Mjerumani na sarafu za zamani zinazouzwa kwa mamilioni. Sarafu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa wingi na bei yake ni ndogo. Mtu akikutaka utangulize fedha ili akutafutie mnunuzi, achana naye.

Pili, msizisugue. Limau, majivu na mchanga huondoa sura ya asili ya sarafu, na wakusanyaji huithamini kidogo iliyosuguliwa. Mfundishe kuishika pembeni, na kuihifadhi mahali pakavu katika bahasha ndogo ya karatasi yenye jina na mwaka.

Tatu, na hili ni kubwa: kama nyumbani kuna mtoto mdogo, sarafu zikae juu asikofika. Watoto wadogo humeza sarafu. Ikitokea, usimtapishe, mwahishe kituo cha afya.

Mwache achague yeye

Unaweza kutamani achague senti za Mwalimu kwa sababu zinakukumbusha utoto wako. Yeye anaweza kutaka za Kenya kwa sababu ya twiga. Mwache achukue za twiga.

Mchoreeni kadi yenye nafasi nne, nafasi moja kwa kila sarafu. Ile nafasi tupu ndiyo itakayomfanya kila jioni akuulize kama umerudi na chenji. Siku atakapoijaza, atakuwa amejifunza kuanza jambo na kulimaliza, kisha mtakaa tena kuchagua seti inayofuata.