Umeandika 0, simu inasema "hujajaza": kwa nini?

Msikilizaji, chukua mfano huu. Mama amemaliza mkopo wa kikundi chake. Anafungua fomu kwenye simu, na panapoulizwa deni anaandika 0. Fomu inagoma: "Jaza deni lako." Anarudia, inagoma tena. Kosa si lake, wala si la mtandao. Huenda ni sharti lililoandikwa vibaya ndani ya programu.

Sharti ni nini?

Ni pale programu inapoambiwa: ikiwa hivi, fanya hivi, la sivyo, fanya vile. Nyumbani tunasema, "Mvua ikianza, anua nguo." Kupima sharti, programu hutumia opareta, yaani alama au maneno ya kulinganisha na kuunganisha: ni sawa, si sawa, na, au.

Lugha mbili

Kurasa nyingi za intaneti hutumia lugha ya JavaScript, iliyoanza mwaka 1995. Opareta zake nyingi ni alama tupu: "sawa" ni ===, "na" ni &&. Mwaka 2009 Jeremy Ashkenas alitoa CoffeeScript, ambayo hutumia maneno ya kawaida ya Kiingereza: is kwa "sawa", and kwa "na", unless kwa "isipokuwa". Kivinjari cha simu hakiielewi moja kwa moja, kwa hiyo hugeuzwa kwanza kuwa JavaScript.

Turudi kwa yule mama

Katika JavaScript, sharti likisema tu "ikiwa deni", namba 0 huhesabiwa kuwa "hapana", sawa na pasipo na jibu. Hata CoffeeScript hufanya hivyo, ila mwandishi akiongeza alama ya kuuliza: if deni? Hapo swali linakuwa: jibu lipo? Na 0 ni jibu, lipo. Ikigeuzwa, alama hiyo moja huwa sharti refu la JavaScript linalokagua kama jibu lipo kweli.

Ufanye nini?

Ukikwama hivyo, usiandike deni la uongo ili fomu ipite, litakufuata. Piga picha ya skrini, mpelekee msimamizi wa fomu, mwambie: "Nimeandika 0, imekataa." Mtaalamu atajua pa kuanzia.

Na wewe kijana unayejifunza programu, ijaribu fomu yako kwa 0 kabla ya kuwapa watu. Aliyemaliza deni asionekane hajajibu.